Je, Wajua? Padri wa Fani Tatu na Mtemi wa Jicho Moja

Je, wajua kwamba aliyeiandika kwa kina historia ya kale ya kaskazini mwa Chunya hakwenda huko kutafuta dhahabu? Wengi wakisikia Chunya huwaza machimbo ya Lupa tu, na zile mbio za dhahabu za miaka ya 1930 zilizowatoa vijana Rungwe na kwingineko kwenda kuchekecha mchanga wa mito. Lakini juu ya machimbo hayo, kuelekea Tabora, ipo nchi ya Wakimbu, misitu ya miombo, watu wa asali na pembe za ndovu. Katikati ya miaka ya 1960 alifika huko Aylward Shorter, mzaliwa wa London wa mwaka 1932. Alikuwa amesoma historia Oxford, akasoma theolojia na kuwa padri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, kisha akarudi Oxford kwa ajili ya anthropolojia ya jamii, fani iliyompa shahada ya uzamivu.

Mtu angeuliza, historia haikumtosha? Kwa Ukimbu, haikutosha. Mwanahistoria wa zama zile alifunzwa kufungua majalada, na watemi wa Kikimbu hawakuacha majalada. Waliacha masimulizi ya wazee, makaburi, na lile duara la kombe la baharini lililovaliwa kwenye paji la uso kama alama ya utawala, kombe lililotoka Bahari ya Hindi na kubebwa mamia ya kilomita hadi bara. Kuyapanga hayo yote yawe ushahidi ilikuwa kazi ya mwanaanthropolojia. Kuyapa miaka na mfuatano ilikuwa kazi ya mwanahistoria. Kitabu chake juu ya historia ya utawala wa Wakimbu kilitoka mwaka 1972, na ndani yake yumo Nyungu ya Mawe, mtemi mwenye jicho moja, aliyeiteka Ukimbu kwa jeshi la rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, katika miaka ya 1870. Alipofariki mwaka 1884, himaya haikwenda kwa jemadari yeyote kati ya wale waliotisha watu. Ilikwenda kwa binti yake, Mgalula.

Kutoka Ukimbu ukipanda kaskazini hadi Ndala, Tabora, utafika alikozaliwa Charles Nyamiti mwaka 1931. Huyu naye alikuwa padri. Alipata uzamivu wa theolojia Louvain, Ubelgiji, na huko huko akajifunza nadharia ya muziki na piano. Angeweza kurudi nyumbani hapo. Badala yake akaenda Vienna kusoma elimu ya tamaduni za watu, na utunzi wa muziki pia. Baadaye alipofundisha Nairobi na kuandika kitabu chake cha mwaka 1984 kinachomtazama Kristo kama mhenga wetu, mwanatheolojia na mwanaanthropolojia walikuwa wanashika kalamu moja. Sidhani kama theolojia peke yake ingemfikisha kwenye wazo hilo.

Muziki na theolojia vimewahi kukutana kwa mwingine aliyekuja Afrika. Albert Schweitzer, mpiga kinanda stadi, alikuwa na uzamivu wa falsafa tangu 1899 na alikuwa anafundisha theolojia Strasbourg. Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 30, alianza udaktari wa tiba kutoka mwanzo kabisa, na mwaka 1913 akasafiri kwenda Lambaréné, Gabon, kufungua hospitali. Tasnifu yake ya tiba ilipima hoja za madaktari wa akili waliodai kuwa Yesu alikuwa mgonjwa. Yaani hata alipobadili kitivo, hakuacha swali lake la zamani.

Je, wajua pia kwamba kukusanya shahada za ngazi moja hakukupandishi ngazi? Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza ipo ngazi ya 8, uzamili ya 9 na uzamivu ya 10. Mwenye uzamili wa sheria, wa uchumi na wa jiolojia bado yuko ngazi ya 9, sawa na jirani yake mwenye mmoja. Waajiri wengi wanalijua hilo. Wachumba na wakwe, nadhani, bado.

Chunya ya leo ingewafaa watu wa fani nyingi. Tazama zebaki tu: mchimbaji mdogo anainasa dhahabu kwa zebaki, kisha anauchoma mchanganyiko, na mvuke unaingia mapafuni mwake na mwa waliokaa karibu. Hapo kuna jiolojia ya mwamba, kemia ya uchenjuaji, tiba, na sheria, maana leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania peke yake. Na mwenye nia hahitaji Louvain. Mbeya mjini, kama kilomita 70 kupitia milimani, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo kwa wanaosoma huku wanafanya kazi.

Mwisho, mshairi Okot p'Bitek wa Uganda. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza kama mchezaji wa timu ya taifa ya mpira, akabaki huko. Akasoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford, chuo kile kile cha Shorter. Tasnifu yake ya uzamivu, juu ya dini ya Waluo wa Kati, Oxford waliikataa. Ilichapishwa kama kitabu mwaka 1971.