Lawalawa si laana: Kwa nini mtoto mchanga Singida bado anapelekwa kwa ngariba

Mtoto wa kike ana miezi minne. Analia kila akikojoa. Sehemu za siri zimevimba, zimekuwa nyekundu, na kwenye nepi kuna uchafu mweupe wenye harufu. Mama wa mjini angesema "fangasi hizo" au "huyu ana yutiai", akakimbilia duka la dawa. Katika vijiji vingi vya Singida na Dodoma hali hiyo ina jina lake: lawalawa.

Na kwa imani iliyorithiwa, lawalawa haiponi kwa dawa ya hospitali. Inapona kwa kumkeketa mtoto.

Ukiwa mbali ni rahisi kusema tatizo ni kwamba huko hospitali hakuna. Sasa angalia kata ya Mungaa, wilayani Ikungi. Ni nchi ya Wanyaturu, wakulima wa alizeti, mtama na uwele, wafugaji wa ng'ombe na wale kuku wa kienyeji waliompa mkoa jina. Makiungu, hospitali iliyoanzishwa na masista wa Kikatoliki miaka ya 1950, iko huko huko. Dawa ya fangasi ipo karibu kuliko ilivyo kwa kata nyingi za Tanzania. Kwa hiyo swali gumu si dawa iko wapi. Swali ni nani ndani ya nyumba anaamua kwamba huu ni ugonjwa wa kupeleka hospitali, na nani anaamua kwamba huu ni wa kwenda kwa bibi.

Kidaktari hakuna fumbo hapa. Dalili zinazoitwa lawalawa ni za maambukizi ya kawaida ya sehemu za siri au njia ya mkojo, yanayoletwa na bakteria au fangasi. Mtoto yeyote duniani anaweza kuyapata, wa Oslo hata wa Ikungi. Singida ni mkoa mkavu, wenye msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya vumbi, na maji yakiwa ya kubebwa kichwani, kumwosha mtoto mara kwa mara kunakuwa kazi nzito. Tiba ni usafi na dawa anayoandika mtaalamu baada ya kumpima mtoto. Basi.

Imani inasema jingine: kwamba ni hasira za wahenga kwa sababu mila imeachwa. Watafiti wanaeleza kuwa simulizi hii ilishika kasi miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, serikali ilipoanza kuukemea ukeketaji. Yaani, mila ikakatazwa, kisha ukaonekana ugonjwa ambao tiba yake ni mila ileile. Ukihisi kuna mkono wa mtu hapo, hauko peke yako. Wapo wanaoamini ulikuwa mlango wa nyuma wa kuendeleza jambo lililopigwa marufuku.

Lakini mama wa leo hakuwepo 1967. Yeye hachezi ujanja wowote. Ameambiwa na mama yake, na mama yake aliambiwa na mama yake, kwamba mtoto asipofanyiwa hivyo atakufa. Anayempeleka mwanawe kwa ngariba usiku anaweza kuwa anampenda kweli kweli. Hapo ndipo kampeni nyingi zinapokwama: zinamwambia "acha ukatili", wakati yeye anajiona anatoa tiba.

Sheria inasemaje?

Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai Tanzania tangu 1998, ilipopitishwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, maarufu kama SOSPA, iliyoongeza kifungu cha 169A kwenye Kanuni ya Adhabu. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa aliyefanyiwa. Rudia hiyo faini: laki tatu. Ni bei ya mbuzi wachache mnadani. Kati ya miaka 15 jela na mbuzi wachache kuna pengo kubwa, na sheria inamwachia hakimu achague.

Kisha ipo Katiba. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi. Neno "jinsia" liliongezwa kwenye orodha ya misingi ya ubaguzi katika marekebisho ya mwaka 2000. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama na kudhalilisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamlinda mtoto dhidi ya mateso, zikiwemo mila zinazomdhuru. Nje ya mipaka, Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Hiyo ya Maputo inataja ukeketaji moja kwa moja na kuzitaka nchi ziupige marufuku.

Kwa nini uitwe ubaguzi na si "mila tu"? Fikiria kaka wa yule mtoto. Naye akiwashwa, akivimba, akilia akikojoa, ataoshwa, atapakwa dawa, atapelekwa zahanati. Maambukizi ni yaleyale, nyumba ni ileile. Ila mwili wa dada ndio unaobebeshwa deni la wahenga. Dada anakatwa kiungo kizima kisicho na ugonjwa wowote, kwa sababu amezaliwa wa kike.

Hapo huwa inaibuka hoja ya vijiweni: mbona wavulana wanatahiriwa? Tohara ya mwanaume huondoa ngozi ya mbele, na tangu 2007 Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU. Ukeketaji hauna faida hata moja ya kiafya. Unaleta damu nyingi, maambukizi, shida ya kukojoa na hatari wakati wa kujifungua. Kuviita vyote "tohara" ndiko kunakovifanya vionekane ndugu.

Kisu kilihamia kitandani

Zamani katika jamii nyingi ukeketaji ulikuwa sherehe. Wasichana walikusanywa, ngoma ikapigwa, kijiji kizima kikajua. Sheria ilipokuja, sherehe ilikuwa rahisi kuikamata. Kilichofuata hakikupangwa na mbunge yeyote: umri ukashuka. Kitendo kikahamia kwa watoto wachanga, wakati mwingine siku chache baada ya kuzaliwa, ndani ya chumba, kwa wembe, na kuna taarifa za Singida zinazotaja hata kucha.

Mtoto mchanga ni "salama" kwa mkosaji. Hawezi kukimbilia kituo cha polisi kama wanavyofanya wasichana wa Mara msimu wa ukeketaji ukifika. Hawezi kutoa ushahidi. Kidonda chake hupona kabla jirani hajauliza, na mashahidi pekee ni mama, bibi na ngariba, yaani haohao ambao wangeshtakiwa. Akikua hatakumbuka. Wapo wanawake wanaokuja kujua wamekeketwa wakiwa leba, mkunga anapowauliza.

Hili linaathiri hata takwimu tunazozisoma kwenye simu. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 1996 ulionyesha asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2015-16 ulionyesha 10, na wa 2022 ukaonyesha 8. Ni habari njema, na ni ya kweli. Lakini angalia nani anaulizwa. Mwanamke wa miaka 30 aliyehojiwa 2015 alizaliwa 1985. Kama alikeketwa akiwa mchanga, jibu lake linaeleza yaliyotokea enzi za Mwalimu. Mtoto aliyekeketwa wiki iliyopita ataingia kwenye jedwali hilo miaka 15 ijayo. Mwaka huo wa 2015-16 Singida ilikuwa na asilimia 31, ya tano nyuma ya Manyara, Dodoma, Arusha na Mara.

Sheria ina tundu jingine: haimgusi mwanamke aliyefikisha miaka 18. Kenya iliziba tundu hilo kwa sheria yake ya 2011, na daktari mmoja alipoenda mahakamani akidai mtu mzima aachiwe achague, Mahakama Kuu ya Nairobi ilimkatalia Machi 2021. Uganda nayo ina sheria maalumu tangu 2010. Kwa Mungaa, hata hivyo, tundu hilo si kubwa kama linavyoonekana kwenye makongamano, maana anayekeketwa hajafikisha hata mwaka mmoja. Sheria ya kumlinda ipo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuona.

Nani ataona?

Anayemwona mtoto huyo mara nyingi kuliko mtu yeyote nje ya familia ni muuguzi wa kliniki, siku ya chanjo na kupima uzito. Ndiyo maana wapo wanaopendekeza kila mtoto wa kike akaguliwe akifika kliniki. Wazo linavutia, na lina hatari yake. Mama akishajua kliniki ni mtego, atabaki nyumbani, na mtoto atakosa chanjo za surua na polio. Utakuwa umemwokoa na wembe ukampeleka kwenye surua.

Njia yenye faida zaidi ni kumfikia mama kabla ya dalili. Muuguzi anayemwambia mama mjamzito, kwa Kiswahili chepesi au kwa Kinyaturu, "mtoto wako akipata wekundu na kuwashwa huku chini, mlete hapa, tuna dawa", amemnyang'anya ngariba mgonjwa. Mtoto wa kwanza akipona kwa dawa, jirani anaona. Na mkwe, yaani yule mama mkubwa wa nyumba mwenye neno la mwisho, anahitaji kuambiwa hivyo hivyo. Kumwelimisha binti wa miaka 20 asiye na sauti mbele ya mama mkwe wake ni kumtwisha vita peke yake.

Wanaume nao wamekaa pembeni kwa kisingizio cha "mambo ya wanawake". Lakini pesa ya ngariba hutoka wapi?

Ukiona au ukisikia

Kama mtoto ana dalili, mpeleke zahanati, kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Usimpake dawa ya kienyeji, na usimwoshe kwa maji ya chumvi kali au sabuni ya kufulia, maana ngozi yake ni laini na utamuumiza zaidi.

Kama unajua mtoto yuko hatarini, piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri ina ofisa ustawi wa jamii ambaye kisheria ana wajibu wa kufuatilia taarifa za mtoto anayeteswa. Mtendaji wa kijiji naye anapokea taarifa, ingawa ukijua ni ndugu wa familia hiyo, anza na 116. Mama akikueleza kuwa mtoto ana lawalawa, muulize kwanza kama ameshapimwa mkojo.