Kimo cha Mtu na Vipimo vya Viungo Vyake

Kupima kwa mwili si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Tangu zamani Waswahili huhesabu shibiri mbili kuwa mkono mmoja, na mikono minne kuwa pima moja, yaani upana wa mikono yote miwili ikinyoshwa, ambao hukaribia kimo cha mtu mwenyewe. Mfugaji wa Ishiara, katika nchi ya joto ya Mbeere, anunuapo kamba ya mbuzi sokoni, aweza kuipima hivyo bila ya futi.

Desturi hiyo ina elimu ndani yake. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, R. Drillis na R. Contini, walitoa hesabu ya viungo kwa kadiri ya kimo. Katika kila sehemu 100 za kimo, paja huwa 24.5, muundi 24.6, kigasha 14.6, na kiganja pamoja na vidole 10.8. Kigasha na kiganja vikijumlishwa hupatikana 25.4, nayo ni kama robo ya mtu. Mkono wa wazee ndio huo huo.

Faida ya hesabu hii huonekana msibani. Aliyekatwa mguu mmoja hutengenezewa wa bandia kwa kuufuatisha uliobaki. Lakini aliyepoteza yote miwili hana wa kufuatisha. Kimo chake cha zamani ndicho shahidi. Ikiwa kilikuwa sentimeta 170, paja hukadiriwa kuwa 42, na muundi vilevile 42. Asiyekijua kimo chake hupimwa pima ya mikono yake.

Hata hivyo, kukadiria si kupima. Mwaka 1961 D. Allbrook, mwalimu wa Makerere, alichapisha uchunguzi wa kukadiria kimo kwa mifupa ya muundi na kigasha, akiwapima wanaume wa Uingereza na wa Afrika ya Mashariki. Watu wengi wenye asili ya nchi za joto huwa na miundi na vigasha virefu zaidi, kwa kadiri ya kimo chao, kuliko Wazungu. Kwa hiyo jedwali la Marekani laweza kumpunguzia haki mtu wa Ishiara.

Basi jamaa wampelekao mgonjwa wa namna hiyo kwa fundi na wachukue pia suruali yake ya zamani iliyomkaa vizuri. Hesabu humwongoza fundi, suruali humsahihisha.