Dawa mbili za prostati: tuwaeleze bazee vizuri

Bandugu, kuko mzee anaamuka mara ine usiku kwenda kukojoa, jirani anamupa komprime zake, basi, anameza. Hapana.

Tamsulosini inalegeza misuli ya shingo ya kibofu, mkojo unapita vizuri kisha siku chache. Finasteridi inapunguza prostati yenyewe, lakini polepole, miezi 6 ao zaidi. Ndiyo maana munganga anaweza kuandika zote mbili. Uchunguzi mumoja wa Marekani, wa 2003, ulifuata wanaume 3047 kwa finasteridi na doksazosini (ndugu ya tamsulosini): pamoja zilipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa 66%, peke yake 34% na 39%.

Sasa usalama. Tamsulosini inaweza kushusha tansio: mzee asimame polepole, na amwambie munganga dawa zake zote, hata zile za nguvu za kiume. Finasteridi inashusha kipimo cha PSA karibu nusu. Laboratwari isipojua, kansa inaweza kujificha. Mama mwenye mimba asishike komprime iliyovunjika. Na maganda ya Prunus africana, mti wa milima ya Kivu (hapo ni agronomia yangu), hayachukue nafasi ya vipimo. Mkojo ukifunga kabisa, ni hospitali saa ile ile.