Juma Moja kwa Tanga: Jinsi ya Kupanga Safari ya Visiwa vya Lamu

Abiria wa matatu za barabara ya Ngong hupita kila asubuhi mbele ya Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner, na wengi wao hawadhani ya kuwa ndani ya majengo yale, juu kabisa barani, hutazamwa mawimbi ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo ndivyo ilivyo. Habari za upepo na bahari ambazo mvuvi wa Kizingitini huzisikia katika redio hutengenezwa na Idara hiyo. Mapema mwezi wa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipokuwa kikiikaribia pwani ya Tanzania, Idara iliwaonya watu wa pwani ya Kenya juu ya pepo kali na mawimbi makubwa. Basi mtu wa Nairobi atakaye kusafiri kwa tanga asidhani ya kuwa hana la kufanya mpaka afike gatini. Sehemu kubwa ya kazi ni ya huku huku, na asiyeifanya huku huilipia kule.

Si ajabu siku hizi kukuta makarani, waalimu na wakulima wachache wa upande wa Kangemi, Kinoo na Kikuyu wakichanga fedha kidogo kidogo ili waende kuona visiwa. Visiwa vinavyofaa kwa safari ya juma moja ni vile vya Lamu: Lamu yenyewe, Manda, Pate na Kiwayu, vilivyopangana kuelekea kaskazini-mashariki, na kati yake na bara kuna mikondo iliyokingwa na mikoko. Kutoka Lamu mpaka Kiwayu ni kama kilometa 50. Vyombo vya matanga vya namna ya Kizungu huonekana Kilifi na Mtwapa, lakini kuvikodi ni kazi ya mwenye nafasi. Tena vingi vina mkuku mrefu ambao haupendi maji haba. Mashua ya Lamu, yenye tanga moja la pembe tatu, huingia mahali ambapo vile vingine hukwama. Afadhali mashua.

UPEPO NDIO MWENYE LIKIZO

Karani aliyezoea ofisi huomba likizo kwanza, kisha hutafuta safari ya kuitia ndani yake. Hapa mambo yapaswa kugeuzwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi. Kusi huanza pamoja na mvua za masika, hupata nguvu zake zote Juni na Julai, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili, wakati ambapo upepo haujui uendako, na mashua yaweza kukaa mchana kutwa kama kuku aliyeatamia.

Wengi huchagua Agosti kwa sababu watoto wamefunga shule. Ni sababu njema kwa watoto, si njema kwa mashua. Wakati wa kusi safari ya kwenda Kiwayu huwa rahisi mno, kwa kuwa upepo unasukuma kutoka nyuma, na wasafiri huimba njia nzima. Shida huja siku ya kurudi. Upepo ule ule sasa u usoni. Mashua haina budi kubisha, yaani kwenda kombokombo, huku na huku, na maili moja ya ramani hugeuka kuwa tatu. Nje ya visiwa, baharini wazi, mawimbi ya kusi si ya kuchezea. Nahodha mwenye akili hukataa kutoka, naye ana haki. Abiria aliyebakiwa na siku moja ya likizo huanza kumsihi, na kusihi huko kumewatia watu hatarini mara nyingi kuliko upepo wenyewe.

Katika kaskazi mambo huwa kinyume. Taabu ya kubisha iko mwanzoni, watu wakiwa na nguvu na kapu likiwa limejaa; kurudi ni kwa upepo wa nyuma. Kwa hiyo Januari na nusu ya kwanza ya Februari ndio wakati ulio bora. Mvua ni nadra, na mkulima wa Kinoo hajaanza kulitayarisha shamba lake kwa masika. Jua ni kali. Kofia pana si urembo.

MAJI YA MWEZI

Baada ya kuchagua mwezi wa kalenda, ichaguliwe sasa siku ya mwezi wa mbinguni. Hili ndilo jambo ambalo watu wa bara hulisahau kuliko yote. Huko Lamu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta tatu, na mlango uliokuwa bahari asubuhi huwa tope mchana. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Halmashauri ya Bandari hutoa kila mwaka jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, lakini hata asiye na jedwali aweza kukadiria. Mwenye kupita Msikiti wa Jamia, katikati ya mji, akauliza tarehe ya mwezi wa Kiislamu, amekwisha pata nusu ya jibu: tarehe 1 na 15 ni za bamvua, tarehe 8 na 22 ni za maji mafu.

Siku za bamvua maji katika pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, nayo hupwa karibu saa nne. Kila siku ifuatayo yachelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kwa hesabu hiyo, safari ikianza tarehe 3 ya mwezi wa Kiislamu, siku ya kwanza maji yatajaa kabla ya jua kuchomoza na tena karibu saa kumi na mbili kasorobo jioni. Na kufika siku ya saba yatakuwa yanajaa baada ya saa nne asubuhi. Siku za mwanzo ndizo zenye maji makubwa. Basi sehemu zenye vijito haba ziwekwe mwanzo, na sehemu zenye kina ziachwe mwisho. Faida nyingine ni kwamba mwezi mchanga huwaka jioni, na watu hula chakula chao wakionana nyuso.

Kwa mfano, magofu ya Takwa, kisiwani Manda, mji ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17, hufikiwa kwa kijito kinachopita ndani ya mikoko. Siku ya kwanza mashua yaweza kuingia saa kumi alasiri maji yakiwa bado yanajaa, watu wakautazama msikiti na nguzo yake, nao watoke kabla maji hayajaanza kurudi. Wakichelewa kwa kupiga picha, watalala hapo pamoja na mbu mpaka alfajiri. Siku ya pili na ya tatu ni za Pate na Siyu, ambako pia mashua hungoja maji yajae ndipo ifike karibu na mji. Siyu pana ngome ya karne ya 19, na kusini mwa kisiwa ni Shanga, ambapo wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Siku ya nne na ya tano ni za Kiwayu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyowekwa mwaka 1979. Siku ya sita ni ya kurudi kwa njia ya Faza. Siku ya saba isipangiwe kitu chochote. Hiyo ni akiba ya upepo.

SAFARI NI SIKU KUMI NA MOJA

Hesabu ya likizo nayo ifanywe kwa uangalifu. Aendaye kwa ndege kutoka Wilson hushuka Manda siku ile ile. Lakini mwenye mfuko mdogo hupanda Madaraka Express, iliyoanza kazi mwaka 2017, mpaka Mombasa, akalala, kisha huchukua basi kwa Malindi na Witu hadi Mokowe, ndipo avuke kwa boti. Hizo ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa hiyo juma moja la tanga ni siku kumi na moja za likizo, na karatasi ya kuomba iandikwe hivyo tangu mwanzo.

Ruhusa za Takwa na Siyu ni za Makumbusho ya Taifa, ile ya Kiunga ni ya Shirika la Wanyamapori; ofisi kuu za zote mbili ziko Nairobi. Habari za usalama nazo ziulizwe, kwa ofisi za Serikali huko Lamu na kwa nahodha, juma lile lile la kuondoka. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara karibu na Kiwayu na kisiwani Manda, na tangu siku hizo sehemu za kaskazini hulindwa. Wakisema msipite Faza, Kiwayu ifutwe, hata kama imelipiwa.

Maji ya kunywa ni shida kubwa kuliko chakula. Visiwa vya kaskazini havina maji matamu ya kutosha. Watu wa Pate hukinga mvua katika majabia, na si adabu kwa mgeni kuyamaliza. Abiria sita na mabaharia watatu, kila mtu lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia, ni lita 36. Kwa siku saba ni lita 252, yaani madebe 13 ya lita 20. Yajazwe Lamu. Mchele, nazi na ndimu hupatikana Lamu, na samaki watatoka majini. Maharagwe na chai yanunuliwe Kawangware kabla ya kuondoka, kwa kuwa bei ya kisiwani ina nauli ndani yake. Pombe isichukuliwe, vijiji vile ni vya Waislamu. Kadhalika itazamwe Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, isije ikaangukia safari na kuwafanya mabaharia wabishe na upepo kwa tumbo tupu.

Mwisho ni mapatano na nahodha. Yaandikwe: siku ngapi, watu wangapi, nani anunua chakula, na nani alipa petroli ya mashini ikiwa upepo utakufa. Nahodha aulizwe leseni ya chombo, na majaketi ya kujiokoa yahesabiwe kwa mkono, moja kwa kila kichwa, hata cha mpishi. Asiyejua kuogelea aseme mapema bila haya. Iandikwe pia ya kuwa neno la nahodha juu ya kutoka au kutotoka ndilo la mwisho, na kwamba siku iliyopotea kwa sababu ya bahari hailipiwi faini na upande wowote. Nusu ya fedha hutolewa kabla ya tanga kupandishwa. Nusu ya pili hulipwa gatini Lamu, siku ya saba, mizigo ikiisha kuteremshwa.