Kunguni Kimia wa Mibuni na Adui Wake wa Asili: Funzo kwa Wakulima wa Butihinda

Kunguni kimia ni wadudu wadogo wa familia ya Tingidae, yenye spishi zaidi ya 2,000 duniani. Jina lao limetokana na umbo: mabawa ya mbele na ngao ya kifua vimejaa vijumba angavu mithili ya kitambaa cha kimia. Wengi wao hutegemea aina chache tu za mimea; kwa hiyo kumtambua mdudu huanza na kuutambua mmea anamoishi.

Katika Burundi, hususan Gitega na Butihinda, mmea wenye uzito katika maisha ya kaya nyingi ni mbuni wa arabika. Kunguni kimia wanaoushambulia katika Afrika Mashariki na ya Kati ni wa jenasi Habrochila, zikiwemo spishi H. placida na H. ghesquierei. Jike hupachika mayai ndani ya tishu za mmea. Tunutu huishi kwa makundi chini ya jani na kufyonza chembehai zake. Upande wa juu wa jani huwa na manjano, na upande wa chini huachwa na madoa meusi ya kinyesi. Shambulio likizidi, majani hupukutika na mti hukosa nguvu ya kulea matunda.

Hata hivyo, mdudu huyu ana adui wake wa asili, kunguni mwindaji wa jenasi Stethoconus, ambaye huwala kunguni kimia. Hapo ndipo penye hatari ya kunyunyizia dawa kiholela. Sumu humwua mwindaji aliye wazi juu ya jani, ilhali mayai yaliyofichwa ndani ya tishu husalimika. Yakianguliwa, tunutu hukuta shamba lisilo na mlinzi, na dawa iliyonunuliwa kwa gharama huzaa mlipuko mpya.

Aidha, kunguni kimia hapaswi kuchanganywa na Antestiopsis, kunguni anayetoboa matunda ya buni na kuhusishwa na kasoro ya ladha ya kiazi inayoshusha thamani ya kahawa. Mmoja huonekana kwa jani, mwingine kwa tunda.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza si bomba la dawa bali kulipindua jani: kuangalia ni mdudu gani aliyepo, ni wengi kiasi gani, na kama mwindaji wake bado yu hai.