Mlango Mmoja, Sheria Mbili: Maji Moto na Sauna za Ujerumani

Mswahili akishakaa Ujerumani kidogo, hakosi kualikwa na wenzake wa kazini kwenda kwenye maji moto mwisho wa wiki. Hudhani anaalikwa kuogelea. Akifika anapewa mkanda wa mkononi wenye chipu, ambao ndio ufunguo wa kabati la nguo na ndio daftari la madeni: supu, juisi na saa za ziada zote huandikwa humo, naye hulipa akitoka. Mpaka hapo hakuna la ajabu. Upande wa mabwawa kila mtu amevaa nguo za kuogelea, watoto wanarushiana maji, wazee wamesimama chini ya mifereji wakikandwa mabega. Halafu kuna ngazi au mlango wenye kibao, na ng'ambo ya kibao hicho sheria inageuka. Huko ni sauna, na nguo za kuogelea ni marufuku. Mwenye kuvaa ndiye mvunja sheria, ataambiwa avue, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno. Wanaume na wanawake wamo humo pamoja.

Wengi wetu tukisimulia jambo hili huishia kwenye kicheko, au kwenye hukumu ya haraka kwamba wenzetu hawana haya. Hukumu hiyo haisaidii kuelewa chochote. Ukichunguza utaona kwamba jengo lile lina nasaba kadhaa ambazo hazikuzaliwa pamoja, na kila moja imekuja na desturi yake.

Nasaba kongwe ni ya maji yenyewe. Mji wa Baden-Baden, kusini magharibi mwa Ujerumani, umejengwa juu ya chemchemi zinazotoa maji yenye joto linalofika nyuzi 68. Ni maji ya mvua yaliyozama ardhini katika milima ya Schwarzwald, yakashuka hadi kina kikubwa, yakapashwa joto na miamba na kulamba chumvi zake, kisha yakapanda tena kupitia nyufa. Safari hiyo huchukua maelfu ya miaka. Warumi waliyakuta wakajenga mabafu, na magofu ya bafu la askari wao yamo hadi leo chini ya jumba la kuogea la Friedrichsbad. Bafu la kisasa lililo jirani, lililofunguliwa mwaka 1985, limepewa jina la mfalme wa Kirumi, Caracalla. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mji huo, pamoja na Bad Ems, Bad Kissingen na miji mingine minane ya Ulaya, katika orodha ya urithi wa dunia kama miji mikuu ya maji ya tiba.

Si kila bafu lina chemchemi ya asili. Therme Erding, karibu na München, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani, lilitokana na bahati. Mwaka 1983 kampuni ya Texaco ilichimba huko ikitafuta mafuta. Kwenye kina cha zaidi ya mita 2,300 ikakuta maji yenye salfa na joto la nyuzi 65. Mafuta hayakuwepo. Mji ukayachukua maji hayo ya kupashia nyumba joto, na mwaka 1999 bafu likafunguliwa. Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali kuona jambo la aina hiyo: bwawa la maji moto la Olkaria, karibu na Naivasha, linajazwa na maji yanayotoka kwenye visima vya kuzalishia umeme wa jotoardhi. Huko nako waliochimba walikuwa wakitafuta nishati, na kuoga kukaja baadaye.

Nasaba ya pili itamgusa zaidi mtu wa pwani. Friedrichsbad ilifunguliwa mwaka 1877. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imefunga nyumba za kamari mwaka 1872, na Baden-Baden, uliokuwa ukiishi kwa fedha za wacheza kamari wa Ulaya nzima, ukalazimika kujitafutia riziki nyingine. Ukachagua afya. Utaratibu uliowekwa ndani ya jumba lile uliitwa wa Kirumi na Kiayalandi, na hapo ndipo penye hadithi. Mwanadiplomasia wa Uskoti, David Urquhart, aliyakuta mabafu ya umma katika nchi za Waturuki na Wamoroko, akayasifia katika kitabu alichokitoa mwaka 1850. Daktari mmoja wa Ayalandi, Richard Barter, alivutiwa, wakashirikiana, na mwaka 1856 bafu la namna hiyo likajengwa huko Blarney. Baadaye Barter alipunguza mvuke na kuweka hewa kavu ya moto. Wajerumani wakachukua hewa kavu ya Barter wakaiunganisha na mabwawa ya Warumi.

Kwa maneno mengine, jumba lile la fahari ni hamamu iliyozunguka kupitia Ayalandi. Na wakati linafunguliwa, Unguja ilikuwa chini ya Seyyid Barghash, ambaye katika utawala wake ilijengwa hamamu ya umma ambayo mtaa wake katika Mji Mkongwe unaitwa Hamamni mpaka kesho. Vyumba vya moto kwa daraja, dimbwi la baridi, mapumziko mwishoni: anayeijua Hamamni ataielewa Friedrichsbad upesi. Huko mgeni hupitishwa katika vituo 17, kutoka hewa ya nyuzi 54 hadi ya nyuzi 68, kisha kusuguliwa kwa sabuni na brashi, kisha mvuke, kisha mabwawa yanayozidi kupoa mpaka la nyuzi 18, na mwisho kufunikwa blanketi alale. Mark Twain alifika mwaka mmoja baada ya kufunguliwa. Mji ulimchukiza, wenye maduka wakamuudhi, lakini alisema waziwazi kwamba baridi yabisi yake aliiacha huko na hana haja nayo tena.

Ila hamamu haikuwa mahali pa kuchanganyika uchi. Wanawake walikuwa na saa zao na wanaume zao, na hata baina ya wanaume mtu hujifunga kiunoni. Kwa hiyo desturi inayotushangaza haikutoka huko.

Wala haikutoka moja kwa moja Finland, nyumbani kwa sauna. Wafini huingia uchi, ndiyo, lakini katika mabafu ya umma kwa kawaida wanaume na wanawake hutengana. Wajerumani waliijua sauna ya Kifini zaidi baada ya michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, ambako wanariadha wa Finland walikuwa na sauna yao katika kijiji cha wachezaji. Vita vikawapeleka askari wengi wa Kijerumani Finland kwenyewe, na baada ya vita sauna zikaenea mijini.

Kuchanganyika uchi ni mazao ya Ujerumani yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya viwanda ilijaa moshi, kifua kikuu na vyumba visivyoingia jua. Likazuka vuguvugu la watu waliotaka kurudi kwenye hewa safi, chakula cha mboga, matembezi porini na mwili usiofichwa jua. Sebastian Kneipp, padri wa Bavaria aliyetibu kwa maji baridi, alikuwa maarufu nyakati hizo hizo, ingawa yeye hakuhubiri uchi. Waliohubiri uchi walisisitiza kwamba hauhusiani na tamaa. Fikra hiyo ilidumu, na katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki kuogelea uchi kwenye fukwe za Baltiki kukawa jambo la familia nzima. Sauna ilipokuja ikakuta mlango uko wazi. Ikaongezwa na hoja ya usafi: kitambaa cha kuogelea kilichokwishalowa klorini kikipashwa joto kinatoa harufu na kubana jasho.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo hukumu ya kwamba hawana haya inapoanguka. Haya imo tele katika sauna ya Kijerumani. Imewekwa mahali pengine tu. Haipo kwenye ngozi, ipo kwenye jicho. Kumkazia mtu macho ni aibu kubwa. Kuingia na simu ni kosa la kufukuzwa. Wapenzi wakianza kushikanashikana wataonywa. Kupiga soga kwa sauti ni utovu wa adabu. Kuingia bila kuoga ni uchafu. Na kosa linaloweza kumfanya hata mzee mpole akufokee ni kuacha jasho lako lidondoke kwenye mbao: taulo lazima liwe refu, lianzie chini ya makalio na kuishia chini ya nyayo. Ukitoka nje ya chumba cha moto unajifunga taulo au joho lako, na mkahawani hakuna anayekaa uchi. Bibi mwenye kovu la upasuaji na kijana mwenye kitambi hukaa benchi moja, na hakuna anayewatazama mara mbili. Mtu anaweza kuikataa desturi hii kwa dini yake au malezi yake, na ana haki, lakini asiseme haina mipaka.

Tuje kwenye joto lenyewe. Chumba cha sauna kina nyuzi 80 hadi 100. Maji ya kiasi hicho yangekubabua kwa sekunde chache, lakini hewani mtu hukaa dakika kumi akiwaza mambo yake. Sababu ni mbili. Hewa kavu ni nyepesi, imebeba joto kidogo kwa kila lita, na hulipitisha polepole. Pili, jasho linakauka mara tu linapotoka, na kukauka kwake kunabeba joto la mwili. Ndiyo maana mabenchi ni ya mbao, ambazo hazipitishi joto haraka, na ndiyo maana unaambiwa uvue mkufu na pete.

Halafu inafika saa iliyoandikwa ubaoni. Watu wanaingia mapema kutafuta nafasi, wazoefu benchi la juu, wageni la chini. Anaingia mhudumu na ndoo ya mbao, anajitambulisha, anataja manukato ya leo, labda mnanaa au mkaratusi, na mlango unafungwa. Anachota maji kwa upawa na kuyamwaga taratibu juu ya mawe. Mawe yanafoka mvuke. Kwa sekunde mbili tatu hakuna kitu, kisha joto linashuka kutoka darini na kukukalia masikioni na mabegani. Mhudumu anazungusha taulo juu ya kichwa chake, kisha analipiga mbele ya kila benchi, na upepo unakujia kama umefungua tanuri. Mara tatu hivyo. Mwishoni watu wanampigia makofi. Wajerumani huliita tendo hili Aufguss, na kwa wengi ndilo wanalolifuata.

La ajabu ni kwamba kipimajoto cha ukutani hakipandi kitu. Kilichobadilika ni unyevu. Ngozi yako, hata ikiwa ya moto, ina nyuzi zisizozidi arobaini hivi, kwa hiyo mvuke ukiigusa unageuka maji, na katika kugeuka unaachia joto lote lililotumika kuuchemsha. Jasho nalo linazuiwa kukauka. Aliyewahi kupiga nyungu chini ya blanketi anayajua hayo bila kufundishwa fizikia. Taulo linalopepewa huondoa tabaka jembamba la hewa iliyopoa karibu na ngozi, ndipo unapohisi kuungua. Na kwa sababu ya unyevu huo huo, chumba cha mvuke chenye nyuzi 45 tu huweza kumchosha mtu kuliko sauna kavu ya 90.

Je, kuna faida? Utafiti unaotajwa zaidi ulitolewa mwaka 2015 na mtafiti Jari Laukkanen na wenzake, waliowafuatilia wanaume 2,315 wa mashariki mwa Finland kwa takriban miaka 20. Waliokwenda sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa maradhi ya ghafla ya moyo kwa uchache kuliko waliokwenda mara moja. Matokeo hayo ni ya kuheshimiwa, lakini ni ya kuangalia, si ya kujaribu: huenda mwenye afya na nafasi ndiye anayeweza kwenda kila siku. Misuli kulegea, usingizi kuwa mzito na akili kutulia, hayo mtu huyahisi mwenyewe. Lakini msemo kwamba jasho linatoa sumu mwilini upuuze. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Kilo uliyopoteza ni maji, itarudi ukinywa.

Zamani Wajerumani hawakwenda kwa starehe tu. Daktari aliandika, bima ikalipa, mgonjwa akakaa wiki nne katika mji wa maji. Mageuzi ya bima ya miaka ya 1990 yalipunguza ruhusa hizo, miji mingi ikapoteza wageni, na ndipo mabafu yakaanza kumtafuta mteja anayelipa mfukoni mwake. Mishumaa, muziki wa vinanda na vinywaji vya rangi vimetokana na hesabu hiyo.

Ukialikwa, basi, chukua taulo mbili, joho na kandambili. Usile ukashiba, usinywe pombe, kunywa maji. Mwenye maradhi ya moyo au presha isiyodhibitiwa, na mjamzito, wamuulize daktari kwanza. Ukihisi kizunguzungu katikati ya Aufguss toka, hata kama watu watanung'unika mlango ukifunguliwa. Na ikiwa sauna ya mchanganyiko haiafikiani na imani yako, mabafu mengi yana siku au sehemu ya wanawake peke yao, na upande wa mabwawa ni starehe kamili kwa mwenye nguo zake. Mwambie mwenyeji wako waziwazi kwamba huingii sauna. Mjerumani hakasirikii jibu la wazi.