Fahamu: Chalino Sánchez, sauti isiyozimwa na risasi

Mei 1992, jukwaani mjini Culiacán, Mexico, mwimbaji Chalino Sánchez alipewa kikaratasi. Katika video ya onyesho hilo anakisoma, anajifuta jasho usoni, kisha anaendelea kuimba. Saa chache baadaye alitekwa na watu wenye silaha. Maiti yake iliokotwa kando ya mfereji. Alikuwa na miaka 31, na muuaji hajapatikana hadi leo.

Chalino aliimba corrido, yaani hadithi inayoimbwa: nani, wapi, alikufaje. Mtoto huyo wa mashamba ya jimbo la Sinaloa, aliyehamia California, alizitunga kwa malipo. Mteja alimsimulia maisha ya ndugu yake, naye akayageuza wimbo. Kaseti zake ziliuzwa mkononi, kwenye magulio ya Los Angeles.

Sauti yake ilikwaruza na kupitia puani. Mwenyewe alisema haimbi, anabweka tu. Kwangu hapo ndipo ulipo ukweli wake: wahamiaji walisikia mtu wa kijijini kwao. Alipouawa, vijana wengi wa Los Angeles walianza kuimba na hata kuvaa kofia kama yeye.